Pac-Man na Ndugu Zake Wawili

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama wetu, mtumishi wa Serikali, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Ndugu Katibu alitaraji nizungumzie kazi za Serikali. Naomba radhi kwake. Nimesoma barua ya Chama cha Kompyuta cha wanafunzi, inayotuomba mchango wa kutengeneza toleo la pili la mchezo wao wa kujifunzia ramani. Nyongeza wanazozitaka ni kumi na moja. Basi nitasema juu ya michezo ya namna hiyo, na hasa mmoja.

Mwaka 1980 kampuni ya Namco ya Japani ilitoa Pac-Man, mchezo wa mashine za sarafu uliobuniwa na Toru Iwatani. Duara la manjano lenye mdomo hupita vichochoroni likila vitone, na vizuka vinne hulifukuza. Ni hayo tu. Lakini vitazameni vizuka hivyo. Chekundu hukufuata moja kwa moja. Cha waridi hulenga mbele yako ili kukukatia njia. Cha rangi ya chungwa hukujia, kisha kikikaribia hugeuka na kwenda zake. Mchezaji huona anawindwa na viumbe wenye akili, na vile vitone vikubwa vinne humpa nafasi ya kulipiza kisasi kwa sekunde chache tu. Mimi niliujua mchezo huu chuo kikuu, zaidi ya miaka ishirini baada ya kutolewa, kwa programu inayoiga mashine za zamani. Ulinila usiku mwingi.

Mwaka 1982 ulipata ndugu wawili. Wa kwanza, Ms. Pac-Man, ulianzia Marekani kwa vijana wa kampuni ya GCC, ambao hata hawakuwa waajiriwa wa Namco. Waliona kasoro moja: wachezaji walikwisha kukariri njia, mtu akacheza muda mrefu kwa sarafu moja, na mwenye mashine akapata hasara. Wakavifanya vizuka viende pengine kwa kubahatisha, wakaweka ramani nne badala ya moja, na matunda yakatembea. Vitone na hofu wakaviacha palepale.

Wa pili, Super Pac-Man, ulitoka kwa Namco wenyewe. Hapo vitone vya kawaida viliondolewa, pakawekwa funguo, milango, na vyakula vilivyofungiwa ndani. Kikaongezwa kitone cha kumfanya shujaa awe mkubwa, avunje milango bila ufunguo, wala vizuka visimdhuru. Na kitufe cha kumkimbiza. Kwenye karatasi kila nyongeza ni maendeleo. Ukikaa kucheza, unavipita vizuka juu kama mikeka, na asiye na wa kumkimbia hakimbii. Tena vitone vilikuonyesha kwa jicho moja ulikopita na kulikobaki. Ufunguo unakutaka utafute ni mlango gani umefunguka. Sisemi ulikuwa mbovu, wapo waupendao. Lakini Ms. Pac-Man ndio uliokuwa miongoni mwa mashine zilizouzwa sana Marekani, na mwenziwe akabaki kivulini.

(Maofisini tunalijua jambo hili. Nimeona fomu ya ukurasa mmoja, iliyopendwa na wananchi, ikirudi mwaka wa pili na kurasa sita, kila idara imeongeza swali lake.)

Sasa barua yenu. Nyongeza ya nne inampa mchezaji uwezo wa kuvuka mto bila kutaja jina lake. Vijana, huyo ndiye Super Pac-Man! Raha ya mchezo wenu ni kukwama Rufiji huku wenzako wamekwisha kufika Ruvuma. Ya tisa inataka maswali yabadilike kila mara, kwa kuwa Kidato cha Pili wamekwisha kukariri majibu kwa mpangilio. Hiyo ndiyo kazi waliyoifanya wale vijana wa GCC.

Ndugu Mwenyekiti, napendekeza tuchangie ya tisa kwanza, nami naanza na shilingi 100,000. Zilizobaki tuzione baada ya Kidato cha Kwanza kuucheza mbele yetu. Ya nne naomba ifutwe kabla ya chai.