Pumzi ya Misindano Juu ya Ziwa Kivu

Fundi seremala wa Gisenyi hahitaji kipimajoto. Mbao mbichi za msindano zikilala uani usiku wa baridi, mtu anaweza kuzipita asubuhi bila kugeuza kichwa. Ikifika saa saba mchana, jua likiwa limezichoma vya kutosha, ua mzima unanuka utomvu na jirani wa nyumba ya tatu anajua kwamba mzigo umeingia. Mbao ni zilezile. Kilichobadilika ni joto.

Mada hii inaifuata harufu hiyo kutoka uani hadi kwenye mti ulio hai, kwa sababu Rubavu, wilaya yenye mji wa Gisenyi, ina uamuzi wa kufanya. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa iliufurisha mto Sebeya, na katika Rwanda nzima zaidi ya watu 130 walipoteza maisha kwa mafuriko na maporomoko ya ardhi. Kwamba vilima vya Sebeya vinahitaji miti, hilo halina ubishi. Linalobaki ni mti gani, na upandwe mteremko upi.

Misindano, ambayo kamusi huiita misonobari, ni miti ya kigeni hapa. Aina iliyozoeleka, Pinus patula, asili yake ni Mexico. Msaipresi uliosambaa Afrika Mashariki, Cupressus lusitanica, ulitoka Mexico na Amerika ya Kati. Ndugu yao aliye mwenyeji wa milima ya Rwanda ni podo, anayepatikana katika msitu wa Nyungwe. Katika miaka ya 1980 mradi wa misitu na mifugo uliofadhiliwa na Benki ya Dunia uligeuza sehemu ya msitu wa asili wa Gishwati kuwa malisho na mashamba ya misindano. Mabaki ya msitu huo leo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura, iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2020 katika orodha ya hifadhi za bayongahewa.

Harufu yenyewe ni familia ya kemikali ziitwazo terpini, na hasa ndogo zake, monoterpini: alfa-pinini, beta-pinini, limonini na wenzake. Huko Mufindi, Tanzania, katika shamba la miti la Sao Hill, utomvu wa misindano hugemwa na kuuzwa. Ukikenekwa hutoa tapentaini, ambayo si kitu kingine ila monoterpini zilizokusanywa pamoja. Kila jani la msindano, lile lililochongoka kama sindano, lina vifereji vyembamba vilivyojaa utomvu. Hilo ndilo ghala la mti.

Ghala hilo halina mlango unaofungwa barabara. Joto likipanda, monoterpini zilizohifadhiwa hugeuka mvuke na kupenya ngozi ya jani, hata pale ambapo mti umefunga vitundu vyake vya kupumulia ili usipoteze maji. Mwaka 1993 Alex Guenther na wenzake walichapisha mlingano ambao wanasayansi wa hewa wanautumia hadi leo: kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi inayoongezeka, kinachotoka ghalani huongezeka kwa takribani asilimia 9. Asilimia 9 huonekana kidogo, lakini hujizidisha kama riba ya mkopo. Nyuzi 10 zikiongezeka, mti unatoa karibu mara mbili na nusu.

Hapa ndipo jiografia ya Rubavu inapoingia katika hesabu. Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na vilima vinavyopanda kuelekea Gishwati vinafika mita 2,500. Kwa kawaida joto hupungua takribani nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa mlingano wa Guenther, msindano uleule wenye majani yaleyale, ukipandwa karibu na ufukwe, utatoa terpini za ghalani takribani mara 1.7 ya zile ambazo ungetoa kule juu. Mtu asiuone mwendo wa gari wa saa moja kuwa umbali mdogo. Kwa mti ni tabianchi nyingine.

Mwanga nao una kazi yake, na ni kazi tofauti. Mbali na ghala, mti una jiko: ndani ya chembe za kijani za jani, palepale panapofanyika usanisinuru, monoterpini mpya hutengenezwa na kutoka moja kwa moja bila kuhifadhiwa. Jiko hilo huwashwa na jua. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba misindano ni ghala tupu, hadi watafiti wa Ulaya walipoilisha miti kabonidayoksaidi yenye kaboni ya alama, kisha wakaitafuta alama hiyo katika harufu iliyotoka. Matokeo yao ya mwaka 2010 yalibadilisha somo: katika msindano wa Ulaya, Pinus sylvestris, zaidi ya nusu ya harufu ilikuwa imepikwa dakika hizohizo. Katika spruzi wa Norway ilikuwa theluthi moja hivi, na katika mlarisi sehemu moja tu ya kumi. Kwa hiyo hata ndani ya ukoo mmoja, kila mti una mgawanyo wake wa ghala na jiko.

Mikaratusi, inturusu kwa Kinyarwanda, inasaidia kulielewa jambo hili. Mti huu unaotoa kuni, nguzo na hata mbao za chukudu, vyombo vya mbao vya kubebea mizigo vya Goma, hutoa kwa wingi isoprini, gesi isiyohifadhiwa kabisa. Wingu likipita, isoprini hupungua. Jua likizama, hukoma. Msindano, kwa upande wake, huendelea kutoa usiku kucha, polepole, kwa kadiri ya baridi.

Kuna jambo ambalo wengi hulishangaa: ikiwa mchana ndio wakati wa kutoa zaidi, mbona msitu wa misindano hunukia sana alfajiri? Jibu liko hewani. Mchana hewa ya moto hupanda, ikaichukua harufu na kuitawanya, na kemikali zinazozaliwa na mwanga wa jua huivunja ndani ya saa chache. Usiku hewa baridi hutanda chini kama shuka, na kile kidogo kinachotoka hujikusanya. Katika kituo cha Hyytiälä, Finland, ambako msitu wa misindano umepimwa tangu miaka ya 1990, kiasi cha monoterpini hewani hufikia kilele usiku, ilhali utoaji wenyewe hufikia kilele mchana.

Finland, hata hivyo, ina majira ya baridi yanayokaribia kuunyamazisha msitu, na kiangazi ambacho jua halitaki kuzama. Gisenyi iko chini ya nyuzi 2 kusini mwa Ikweta. Mchana wake ni wa saa 12 mwaka mzima. Jiko haliachi kupika, Januari hadi Desemba. Kuchukua takwimu za kaskazini na kuzibandika hapa ni kosa.

Je, pumzi hii ina madhara? Peke yake, hapana; terpini ni ngao ya mti dhidi ya wadudu, ukungu na joto. Shida huanza zinapokutana na oksidi za nitrojeni zitokazo kwenye injini na moto. Chini ya jua kali mkutano huo huzaa ozoni, inayochoma mapafu na kudumaza mimea kama maharage. Gisenyi na Goma zimebanana mpakani, zikipikia makaa, malori yakingoja foleni. Juu ya hayo, kituo cha kupima tabianchi cha Mlima Mugogo, mita 2,590 kaskazini mwa nchi, kimeonyesha kwamba katika misimu yote miwili ya kiangazi moshi wa mioto ya nyika husafiri kutoka mbali na kuifikia Rwanda. Anayeulaumu msindano peke yake amekosea mshtakiwa. Ni moshi unaoigeuza harufu kuwa sumu.

Kwa hiyo mashamba ya misindano yabaki juu, kwenye baridi, na yasisogezwe kandokando ya mji na ufukwe wenye joto na magari. Aina zitakazopandwa Sebeya zichanganywe, na zile za asili zipimwe kabla ya kusifiwa, kwani baadhi ya miti ya asili nayo inaweza kutoa isoprini. Mahali pa kuanzia papo: mradi wa Rwanda TREE umepanda aina 20 za miti katika vituo vitatu, Sigira mita 2,400, Rubona 1,600 na Makera 1,300, ngazi iliyojengwa mahsusi kuuliza joto linafanya nini kwa mti. Washiriki wa semina hii wenye vyeo vya kusaini wanaombwa jambo moja: kabla ya mche unaofuata kushuka shimoni kando ya Sebeya, msindano mmoja wa Gishwati ufungwe mfuko wa kupimia, saa sita mchana na saa sita usiku, na namba zake ziletwe Gisenyi.