Nani Anayeua Masega ya Gari Dogo?

Mteja anafika gereji akilalamika kuwa gari lake halina nguvu mlimani, linakula mafuta na taa ya injini haizimi. Fundi anaingia uvunguni, anagonga ekzosi, anasikia vipande vikicheza ndani. Hukumu inatoka hapohapo: masega, yaani kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, yameziba, yatolewe. Kopo linapasuliwa, vya ndani vinatolewa, bomba linachomelewa, na gari linaondoka likinguruma.

Mhadhara huu unaipinga hukumu hiyo. Masega ya gari dogo ni nadra kufa yenyewe. Mara nyingi muuaji yuko ndani ya injini, na kuyang'oa masega kunamwacha aendelee na kazi.

Ndani ya kopo hilo la chuma mna kauri yenye vijitundu vilivyonyooka, katika magari mengi yapata 60 kwa kila sentimita ya mraba, na kuta zake hazifiki unene wa robo milimita. Kauri ya namna hii ilibuniwa katika kampuni ya Corning, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Rodney Bagley, Irwin Lachman na Ronald Lewis. Juu ya kuta hizo hupakwa tabaka la alumina lililobeba gramu chache za platini, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita, monoksidi ya kaboni pamoja na petroli isiyoungua huungana na oksijeni, zikatoka kaboni dioksidi na maji. Oksidi za nitrojeni nazo hunyang'anywa oksijeni yao, ikabaki nitrojeni ya kawaida. Madini yenyewe hayaliki.

Ugumu ni kwamba kazi ya kwanza inataka oksijeni na ya pili inataka kuiondoa. Carl Keith na John Mooney wa kampuni ya Engelhard walionyesha katika miaka ya 1970 kuwa zote zinawezekana kwa pamoja, mradi injini ipewe takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo ya petroli. Kulinda uwiano huo ndiyo kazi ya sensa ya oksijeni iliyo mbele ya masega. Ile ya nyuma inapima kama masega bado yanafanya kazi.

Adui wa kwanza kujulikana alikuwa risasi. Eugene Houdry, mhandisi Mfaransa aliyehamia Marekani, alipata hataza ya kifaa cha aina hii mwaka 1956, lakini risasi iliyochanganywa kwenye petroli ilifunika madini na kuyafanya butu. Marekani iliyafunga kwa wingi kuanzia magari ya mwaka 1975, pamoja na petroli isiyo na risasi. Afrika Kusini mwa Sahara iliachana na petroli ya risasi kufikia mwanzo wa 2006. Gari lililoletwa kabla ya hapo likiwa na masega mazima lilikuwa linayalisha sumu kila linapojazwa mafuta.

Leo wauaji ni wengine. Plagi au koili ikichoka, injini inamisi, na petroli ambayo haikuungua kwenye silinda inakwenda kuungulia ndani ya masega. Joto linapanda hadi kauri inayeyuka na kuziba njia. Injini inayokula oili nayo hupeleka fosforasi inayoganda juu ya madini taratibu.

Kuna pia biashara, na mwenye gari anastahili kuijua. Mwaka 2021 bei ya rodiamu ilivuka dola 20,000 kwa wakia. Wapo wanaonunua masega chakavu, kwa hiyo fundi anayeyatoa kwa bei ya kutupa huenda analipwa mara mbili. Mteja anabaki na harufu ya petroli, moshi wa sumu kwa wanaotembea kando ya barabara, na taa inayowaka kwa sababu sensa ya nyuma haioni tofauti yoyote.

Kabla ya msumeno kuna hatua zisizo ghali: kusoma makosa kwa mashine, kukagua plagi na koili, kuangalia kama oili inapungua. Kisha sensa ya mbele ifunguliwe, geji ya presha ifungwe mahali pake, injini izungushwe hadi mizunguko 2,500 kwa dakika. Presha ikipanda sana, kuna kizuizi kweli kwenye ekzosi. Ikigundulika ni masega, yabadilishwe baada ya kupatikana kilichoyaziba.