Wa Mwisho Njo Anatupimia Mwendo

Maneno yaliyosemwa mbele ya wenzetu wa matembezi ya velo, Kisangani

 Wale waliofika leo kwa mara ya kwanza, na velo ya kuazima, karibuni sana. Hapa hakuna mtu atawauliza velo iko ya nani. Tutauliza tu kama freni inashika.

Wameniomba niseme kidogo mbele ya kupanga matembezi ya mwezi huu. Sitasema juu ya sport. Nitasema mambo mawili tuliyoona ku barabara ya Buta, juu wengi walikuwa mbele, hawakuyaona. Na tangu ile siku kuna maneno katikati yetu. Wengine wanasema: "Sisi tulikuja kutembea, hatukuja kutafuta matatizo." Ni maneno ya kujibiwa kwa heshima, si ya kuchekwa.

Munakumbuka asubuhi ile. Tulikuwa watu 23. Tulivuka daraja la mto Tshopo, pale karibu na barrage, maji yanapiga kelele mpaka hamusikilizane. Kisha motari zinapungua, hewa inakuwa ya baridi, msitu unakaribia. Batoto wanakimbia pembeni, wanaita. Ile saa kila mtu anafurahi, na ni haki yake. Mtu mwenye anakaa mwezi muzima Makiso ao Mangobo, katika moshi na kelele, anahitaji ile hewa.

Lakini kufika kilomita ya kumi hivi, wenye velo nzuri walianza kushindana. Sisi wa nyuma tuliona migongo yao, kisha vumbi, kisha hata vumbi haikuonekana tena.

Jambo la kwanza. Dada mmoja wetu, ilikuwa mara yake ya kwanza, mpira wa nyuma ukatoboka. Rustini na pompi vilikuwa wapi? Mbele, katika mfuko wa mwenye mwendo mkali kuliko wote. Simu? Hakuna rezo. Tukabaki pale watu wawili, yeye na mimi, karibu masaa mawili. Mama mmoja wa kijiji akatuona, akatoa kiti, akaleta maji na ndizi za kuchoma. Mtoto wake akakata kipande cha mpira wa zamani, akasugua, akatia gundi, akabana kwa jiwe. Hakuomba hata faranga moja.

Yule mama akatuuliza: "Benzenu wako wapi?" Nikajibu: "Wako mbele, mama." Akaangalia barabara, akarudisha macho kwetu: "Sasa munatembeaka pamoja namna gani?"

Bandugu, sikuwa na jibu. Mpaka leo natafuta.

Jambo la pili lilitokea tukirudi. Wote tulikuwa tumekusanyika tena. Tukafika ku bariere moja. Mbele yetu kulikuwa papa mmoja na magunia matatu ya makala juu ya velo. Wote munajua namna ile velo inaendeshwa: hapana kupanda. Fimbo moja imefungwa ku gidoni ya kuongozea, ingine imesimama nyuma ya kiti ya kusukumia, na mtu anatembea kwa miguu, amelala mbele kama anasukuma ukuta. Wale wa bariere wakatuona na malaki zetu za rangi moja, wakacheka: "Pitieni, basportif!" Kamba ikashuka. Sisi tukapita bure. Papa akalipa, na hakupewa karatasi yoyote.

Kilomita moja mbele tulikuwa tunapumzika, akatukuta. Mmoja wetu akamwambia: "Pole, papa." Akasimamisha velo yake, akafuta jasho. "Musiniambie pole, bana. Mungesimama tu pale kidogo. Watu 20 wakiangalia, ile bei inashukaka."

Hakutuomba pesa. Hakutuomba tumsukumie mzigo. Alituomba kusimama.

Matembezi yaliyofuata, tulisimama. Tulishuka, tukanywa maji yetu pembeni, hatukusema neno baya. Siku ile wenye mizigo walipewa kwitansi. Tulirudi mjini tunaimba. Mara iliyofuata tulisimama tena, na safari hii sisi njo tuliulizwa: "Munakaa hapa na ruhusa ya nani? Majina yenu?" Tulichelewa, tukaingia mji na giza, na wazazi wa wengine walikasirika. Njo pale maneno yalianza.

Sasa nijibu. Wenye kusema kwamba hatukuja kutafuta matatizo, wana haki nusu. Hatukuja kuyatafuta. Lakini barabara ile haikuanza na sisi. Kabla velo haijakuwa mchezo wa Jumapili, ilibeba mji huu.

Tuliozaliwa kisha vita tunasahau. Wakati barabara zilipokufa na vita ikafunga mto, mali haikufika tena Kisangani kwa lori wala kwa mashua za Kinshasa. Watu walichukua velo. Walipakia chumvi, sabuni, mafuta ya mawese, wakaenda kwa miguu mamia ya kilomita katika msitu, upande wa Isiro, upande wa Butembo, siku na siku, wakilala njiani. Tuliwaita batolekiste. Na hapa mjini, mafuta ya gari yalipokosa, velo yenye kiti cha nyuma njo ilikuwa taksi. Jina lake munalijua: toleka, kwa lingala, "tupite". Mji huu uliopigwa mabomu siku sita katika Juni 2000, na majeshi mawili ya kigeni yakipigana katikati ya nyumba zetu, uliendelea kula pia juu ya wale watu. Leo motari imekuja, toleka zimepungua, lakini yule papa wa makala ni mtoto wa ile historia.

Na tukienda mbali zaidi: ule mpira tunaojaza hewa, Dunlop aliutengeneza 1888, na kisha hapo ulaya yote ilitaka kaucho. Kaucho ilitoka wapi? Sehemu yake ilitoka katika misitu ya Kongo ya Leopold, na batu walikatwa mikono na kuchomewa vijiji juu ya kaucho, mpaka 1908 alipolazimishwa kuiachia nchi. Wao kule waliteleza ju ya velo Jumapili, wakifurahia hewa ya mashamba. Sisemi hivi ili mtu aone haya kupanda velo. Nasema hivi ili tusiwe sisi tena watu wa kufurahia barabara bila kuona nani anailipa.

Tusijidanganye pia kwamba sisi ni wa kwanza kutembea kwa velo wengi pamoja. Nairobi vijana wanatembeaka hivyo Jumamosi ya mwisho ya mwezi, mamia kwa mamia, na magari yanalazimika kuona kwamba mwenye velo naye ni mtu. Nguvu yao si mbio. Ni kwamba wanapita pamoja. Mtu mmoja ku barabara ni rahisi kumsukuma pembeni. Watu wengi wenye mwendo mmoja ni kitu kingine.

Basi, mapendekezo yangu. Tuyazungumze, tuyabadilishe, lakini tusitoke hapa bila kukubaliana.

Kwanza, wa mwisho njo anapima mwendo. Mbele atatangulia mtu mwenye kujua barabara, na nyuma kabisa atabaki mwenye nguvu, si mchovu. Hakuna kupita wa mbele, hakuna kubaki nyuma ya wa nyuma. Kila kilomita tano tunasimama na kujihesabu. Anayetaka mbio, siku zingine zote ni zake.

Pili, rustini, gundi, pompi na mpira wa ndani vikae nyuma. Mbele havisaidie mtu. Kukiwa daraja la miti, wote tunashuka na kusukuma. Mvua ikinyesha na udongo ukashika magurudumu, tunageuka bila haya.

Tatu, saa ya kurudi tuipange mbele ya kutoka. Sisi tuko karibu na ikweta, jua halitungojeake: mwaka muzima giza inaingia karibu saa moja ile ile. Mtu asiyeona kwamba giza ni hatari kwa badada zetu, amuulize mama yake. Kwa hiyo tusikimbilie umbali. Kuna wenye wanasema twende Yangambi, kilomita karibu 100. Siku moja, ndiyo, na tutalala kule. Lakini msitu wa Masako uko kilomita karibu 14 tu, na wangapi katikati yetu wamewahi kuuingia? Walimu na wanafunzi wa chuo kikuu wanausoma miaka na miaka, na sisi watoto wa mji tunaujua kwa jina.

Ine, kijiji si picha. Tukifika, tunasalimia wazee kwanza. Tunakula kwa mama wa pale, lituma yake, samaki yake, na tunalipa bei yake bila kuikata. Hakuna kurushia batoto bombo ili wakimbie mbele ya simu yako.

Tano, bariere. Tutasimama, ndiyo, lakini kwanza tunamuuliza mwenye mzigo: "Papa, mama, tungoje na wewe?" Akisema hapana, tunapita, juu yeye atarudi pale kesho peke yake, sisi hapana. Akisema ndiyo, tunangoja kimya. Hakuna matusi, hakuna kumfilmu mtu kwa nguvu. Tunaomba kitu kimoja tu: kwitansi. Na tutoke mapema zaidi, ili dakika 30 za kusimama zisitufikishe usiku.

Neno la mwisho, juu ya upande wa kushoto wa mto. Wengine wanauliza tutavuka lini na velo katika pirogi, twende Lubunga mpaka ndani. Munajua kwamba tangu 2023 ugomvi wa udongo kati ya Mbole na Lengola uliua watu na kuwafukuza wengi katika vijiji. Baadhi yao njo majirani zetu leo. Pale hatuendi kujionyesha. Tuwaulize wao wenyewe, wa pande zote mbili. Siku watatuambia barabara iko tayari kupokea watu wanaofurahi, tutavuka. Hata kungoja ni kutembea pamoja.

Bandugu, yule mama alituuliza swali moja tu. Jumapili tutapita mbele ya nyumba yake. Natamani safari hii, akihesabu, atukute wote.

Tutakutana ku daraja la Tshopo, jua likitoka. Mwenye hana velo aseme leo, tumtafutie.