Maua ya Kiangazi
Mazungumzo ya Kamati ya Jamii yaliyotolewa Rubona, Rubavu, katika maandalizi ya kumbukumbu ya Agosti



Tumepewa nusu saa ya kuzungumza juu ya maua. Tunajua wapo waliotabasamu waliposoma ratiba. Kuna habari za mgao, za vitambulisho, za karo na za kuni. Maua yanaingia wapi hapo? Tunaomba mtusikilize, kwa sababu jambo hili lilishaleta maneno katika kartie zetu, na kamati imeona ni heri lisemwe mbele ya wote.

Kama mnavyofahamu, jamii yetu ina tarehe mbili za msiba ambazo hatuzisahau. Sisi tuliotoka Masisi na Rutshuru tulivuka mpaka mwaka 1996, tukawekwa Mudende, huko juu upande wa volkano. Usiku wa kuamkia tarehe 22 Agosti 1997 kambi ya Mudende ilishambuliwa na watu wenye silaha, wakauawa zaidi ya watu 100. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba mwaka uleule ilishambuliwa tena, na safari hiyo waliokufa walikuwa mamia. Waliosalia walihamishiwa Gihembe, karibu na Byumba. Kambi ya Gihembe nayo ilifungwa mwaka 2021, na watu wake wakapelekwa Mahama. Kwa hiyo makaburi yetu yako mahali pamoja, na sisi tuko mahali pengine.

Sasa, tarehe ya Desemba haina shida ya maua. Mvua za umuhindo huanza Septemba zikaendelea hadi Desemba, na siku hiyo mtoto akitumwa hurudi na mikono miwili imejaa. Shida ni Agosti. Juni, Julai na Agosti ni kiangazi kirefu, ambacho Wanyarwanda hukiita icyi au impeshyi. Nyasi zimekuwa kama ufagio, vumbi limepanda hadi juu ya shitingi, na foleni ya bomba ni ndefu. Ni katika mwezi huo hasa ndipo tunapotaka kuweka ua juu ya jina la mtu wetu.

Hapo ndipo maneno yalipotokea. Upande mmoja walisema: mtu anayemwagilia ua maji ya kunywa, huku jirani yake anakosa ya kupikia, hana huruma. Upande wa pili wakajibu: kwani waliokufa hawastahili hata ua moja? Wengine wakashauri tununue mashada ya plastiki, tuyafunge ghalani, tuyatoe kila mwaka.

Kamati imewasikia wote. Kuhusu maji, tunasema wazi kwamba walalamikaji wana haki. Kipimo ambacho UNHCR hulenga, dharura ikishapita, ni lita 20 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu sita ni lita 120, yaani bidoni sita za lita ishirini. Katika hizo unywe, upike, uoge, ufue, usafishe choo. Hakuna bidoni ya saba kwa ajili ya maua. Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: maji ya bomba yasimwagwe kwenye ua, hata kikombe. Lakini kutoka hapo hatukubali kuhitimisha kwamba Agosti ni lazima iwe bila maua. Kuna mimea ambayo kiangazi ndicho kipindi chake. Tukiijua na kuipanda kwa wakati wake, ugomvi huu umekwisha.

Tumechagua kuyasema haya Rubona kwa sababu mfano uko mbele ya macho yenu. Hapa tuko kando ya Ziwa Kivu, chini kuliko Mudende, na jua ni kali zaidi. Mmepita kando ya kuta na nyua za watu. Vitanda vya mboga visivyomwagiliwa vimekauka. Lakini mmeona wenyewe kilichochanua. Hebu tuitaje mimea hiyo mmoja mmoja.

Wa kwanza ni bogonvilia. Asili yake ni Amerika Kusini. Jina lake limetokana na baharia Mfaransa, Bougainville, ambaye safari yake ilifika Brazil mwaka 1767. Ile rangi nyekundu au ya zambarau tunayoiita ua, kwa kweli ni majani matatu yaliyobadilika rangi. Ua lenyewe ni kile kidude cheupe, chembamba kama mrija, kilicho katikati. Majani hayo ni makavu kama karatasi, ndiyo maana hayanyauki upesi. Na jambo la kukumbuka ni hili: bogonvilia ikipewa maji mengi hutoa majani ya kijani na kusahau maua. Ikinyimwa, huchanua. Kwa hiyo anayeimwagilia kila siku anajisumbua, tena anaizuia.

Wa pili ni umuko, ambao Waswahili wa pwani huuita mwamba-ngoma. Huu si mgeni, ni mti wa nchi hizi zetu. Wakati wa kiangazi hupukutisha majani yote ili usipoteze maji, kisha juu ya matawi matupu hutoa maua mekundu kama kaa la moto. Ndege hufuata asali yake, maua hushika mimba, na mvua zinaporudi mbegu ziko tayari. Wazee wa Rwanda wana habari zake nyingine. Husimulia kwamba Ryangombe alipopigwa pembe na nyati, ni umuko uliompokea katika kufa kwake, na jina lake la pili ni umurinzi, maana yake mlinzi. Kila mtu ana dini yake, hatumlazimishi yeyote kuamini. Lakini mti unaoitwa mlinzi, unaochanua mwezi wa msiba wetu bila kuomba hata tone, tumeona unafaa kupandwa kwenye viwanja vyetu vya kumbukumbu. Akina mama waangalie jambo moja: mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi ni sumu. Watoto huzipenda kwa michezo, wasiachwe kuzitia kinywani.

Wa tatu ni tagetesi, lile ua la rangi ya chungwa lenye harufu kali. Limetoka Meksiko, na huko hadi leo watu hulipeleka makaburini tarehe 1 na 2 Novemba wanapowakumbuka marehemu wao. Mbegu zake ukizipanda mvua za mwisho za Mei, zitashika mizizi kabla ya ukavu, na kwa muda wa miezi miwili hadi mitatu utaona maua, yaani Agosti. Tena lina faida jikoni. Mizizi yake hupunguza minyoo midogo ya udongo inayoharibu mizizi ya nyanya. Lipandwe kando ya nyanya na lengalenga, halichukui nafasi ya chakula.

Wa nne ni vinka ya Madagaska, yenye maua ya waridi au meupe, ambayo huota hata kwenye ufa wa sementi. Kutokana na mmea huu wataalamu hutengeneza vinkristini, dawa inayotibu kansa ya damu kwa watoto. Lakini hiyo ni kazi ya kiwanda na daktari. Majani yake ni sumu, mtu asiyachemshe nyumbani akidhani ni dawa.

Wa tano ni krisanthemu. Ndugu zetu wafanyakazi waliotoka Ulaya wanaijua vizuri, kwa kuwa kwao huchanua majira ya majani kupukutika, wakati mimea mingine imekwisha kulala. Ufaransa hujaza makaburi yote tarehe 1 Novemba. Sababu yake ni usiku: krisanthemu hungoja usiku uwe mrefu ndipo itoe maua. Sisi tuko karibu na Ikweta, usiku wetu ni kama saa 12 mwaka mzima, basi kwetu kila mwezi unaitosha. Uganda hata hupeleka Ulaya vipandikizi vya krisanthemu, na wakulima wake huwasha taa usiku ili mimea isichanue kabla ya wakati. Hapo sisi tunapata somo: usiipande chini ya taa ya barabara ya kambi, utangoja maua mpaka uchoke. Katika hii mitano, yenyewe ndiyo inayotaka maji kidogo, basi iwekwe karibu na mahali pa kufulia.

Hatuwezi kuiacha pareto, ndugu yake krisanthemu. Haiwezi kuchanua vizuri hapa Rubona, kwa maana inataka baridi ndipo itoe vichwa vya maua. Lakini nyanda za juu chini ya volkano, katika wilaya za Rubavu, Nyabihu, Musanze na Burera, wakulima huichuma kila baada ya wiki mbili au tatu, na maua yake makavu hutoa dawa ya kuua wadudu. Wengi wetu tumewahi kuichuma kwa kibarua. Wale waliolala Mudende wamelala katika nchi ya maua hayo meupe.

Sasa tuje kwenye utekelezaji.

Kwanza, kupanda ni wakati wa mvua. Vipandikizi vya bogonvilia na umuko vitiwe ardhini Septemba na Oktoba, vipate mizizi wakati wa umuhindo. Atakayepanda Julai asilaumu mmea. Bogonvilia na umuko vinavyotiwa ardhini umuhindo huu vitahitaji misimu kadhaa, lakini vikishakomaa havitatudai tena.

Pili, maji ni yale yaliyokwisha kutumika. Maji ya kusuuzia nguo na ya kunawia yanafaa, yamwagwe jioni, kwenye udongo, si juu ya majani. Maji yenye chumvi ya jikoni, yenye mafuta au yenye klorini nyingi yasitumike. Wala maji ya sabuni yasimwagwe kwenye mboga zinazoliwa mbichi.

Tatu, udongo ufunikwe. Nyasi kavu, majani ya migomba au kokoto za volkano zikizunguka shina, jua halifikii unyevu. Mfuniko mzuri huokoa maji kuliko bidoni.

Nne, kila kartie iteue watu wawili wa kutunza mbegu. Hatutaki kununua kila mwaka kitu ambacho ua lenyewe hutupa bure.

Kuhusu mashada ya plastiki, kamati haimkatazi mtu. Ila tulijiuliza swali moja. Watoto waliozaliwa baada ya 1997 ni wengi sasa, na baadhi yao wana watoto wao. Hawakuwaona hao tunaowakumbuka. Shada la ghalani watalitoa siku moja na kulirudisha. Lakini mtoto aliyetunza tagetesi kuanzia Mei, aliyeibebea maji ya kunawia, atauliza ni ya nani. Hapo bibi yake atalitaja jina. Ndiyo sababu hasa ya sisi kusimama hapa. Majina yanapungua midomoni kila mzee anapotutoka, na karatasi zetu ni chache.

Kwa hiyo tunaomba hivi: tarehe 22 Agosti kila familia ije na ua moja tu, lililomea bila maji ya bomba, na iseme jina la mtu mmoja kwa sauti. Asiye na ua mwaka huu ataazima hapa Rubona. Wenyeji wametukubalia kukata matawi. Asiye na marehemu wake Mudende aje pia, atapewa jina la mtu ambaye familia yake yote iliisha, asibaki bila wa kumtaja. Ndugu wafanyakazi wa mashirika, ninyi nanyi mnakaribishwa kwa masharti yaleyale: ua moja, jina moja.

 Mungu awarehemu waliotangulia, atupe nguvu sisi tuliobaki.