ALIYEUNGUA AMWAGIWE MAJI KWANZA

(Haya ni maneno ya Mhudumu wa Afya wa Kijiji mbele ya wanachama wa Ushirika, siku ya mkutano wa ghalani. Karani ameyaandika hapa kwa ajili ya wale waliokuwa shambani.)



Nimeambiwa niseme kwa kifupi kwa kuwa mizani inangoja. Basi nitasema jambo moja tu, nalo ni kuungua. Pamba imetoka, sasa tunang'oa miti yake. Mingine tunaichoma shambani, mingine tunaipeleka jikoni. Kuni hizo mnazijua: zinawaka kwa nguvu na kuisha upesi, mama kila saa anasukuma nyingine, sufuria inayumba juu ya mafiga, na hapo hapo mtoto anatambaa.

Watu wakisikia "kuungua" wanafikiri moto wenyewe. Lakini watoto wadogo wanaoungua, wengi wao ni wa uji, chai, maji ya kuoga, maharage yanayochemka. Mwali haukuwagusa kabisa. Kwa hiyo asije mtu akasema, "Ah, ni maji tu." Maji yaliyochemka yakikaa kwenye nguo ya mtoto yanaendelea kupika ngozi, na uji ni mbaya zaidi maana unaganda pale pale.

Sasa tutajuaje ameungua kiasi gani? Vitabu vingine vinasema tazama wekundu. Kwa ngozi zetu sisi wekundu hauonekani vizuri, basi tusiutegemee sana. Kama ngozi ni nzima, inauma, ina joto na imevimba kidogo, hiyo ni ya juu juu, itapona yenyewe. Kama kuna malengelenge, au ngozi imechubuka na chini yake kunaonekana majimaji na rangi ya waridi, tena mgonjwa hataki hata upepo umguse, hiyo ndiyo ya kati. Hiyo ndiyo ninayoisemea leo, kwa sababu ndiyo tunayoiharibu wenyewe nyumbani. Na ya tatu ni ile ngozi imekuwa nyeupe, au ya kahawia, au nyeusi, ngumu kama ngozi ya ng'ombe iliyokauka, na mgonjwa anasema pale pale hasikii kitu. Jamani, huyo asiyesikia maumivu msimwache mkasema ana nafuu. Ameungua mpaka ndani. Ni wa kupelekwa hospitali.

Dawa ya kwanza ni maji. Maji baridi ya kawaida, siyo barafu. Barafu inaumiza ngozi ambayo tayari ni mgonjwa. Mmiminie maji palipoungua kwa muda wa dakika 20. Siyo kumwagia mara moja na kumfuta, nasema dakika 20. Najua mama fulani hapo nyuma anasema moyoni, maji ya kupoteza hivyo nitayatoa wapi, na kisima ni mwendo wa saa nzima? Hebu tupige hesabu ya mizani. Ndoo yetu ni ya lita 20. Ukichukua kopo ukamimina polepole, lita moja kwa dakika, ndoo moja inakutosha dakika zote 20. Ndoo moja! Tunamwaga zaidi ya hapo kuosha baiskeli. Na kama umechelewa, mtoto aliungua wewe ukiwa kisimani, bado mmiminie. Mpaka saa tatu zikipita tangu aungue maji yanasaidia.

Mwanachama mmoja ameuliza juu ya maji ya lambo. Kama nguo inawaka, zima kwa maji yoyote yaliyo karibu, usichague. Lakini kwa kupoza kidonda tumia maji safi, yale ya mtungini ya kunywa, au ya kisima. Lambo ng'ombe wanaingia humo, na sisi tunajua wanaacha nini. (Vicheko.)

Wakati mmoja anamimina, mwingine avue nguo zilizolowa maji ya moto. Nguo iliyoganda kwenye ngozi usiivute, ikate pembeni yake uiache pale. Vua pete, bangili, shanga, na kamba yoyote iliyofungwa mkononi au kiunoni, hata ile aliyofungwa na bibi yake. Sisemi neno juu ya bibi. Nasema mkono utavimba, na kamba itakata damu. Akishaondoka kwa bibi na mkono mzima atafungwa nyingine.

Mtoto mdogo akimiminiwa maji muda mrefu anaweza kushikwa na baridi. Kwa hiyo maji yaende palipoungua tu, mwili mwingine ufunikwe shuka. Akianza kutetemeka sana, acha, mkaushe, mtie joto.

Sasa nakuja kwenye yale tunayopaka. Nimeyaona yote: unga wa muhogo, dawa ya meno, mafuta ya kula, samli, yai bichi, majivu, udongo, mafuta ya taa. Na mkojo, msicheke, nao nimeuona. Mafuta yanafungia joto ndani. Unga na udongo vinaingiza vijidudu, halafu zahanati inabidi vikwanguliwe, na kukwangua kunamtesa mtoto kuliko kuungua kwenyewe. Dawa ya meno inatoa ubaridi wa kudanganya, tena nyeupe yake inaficha kidonda, mganga hawezi kusoma kimefika wapi. Lengelenge nalo usilitoboe. Ile ngozi ya juu ni bandeji ya bure.

Baada ya maji, funika kwa kitambaa safi. Kanga iliyofuliwa ikakauka juani na kupigwa pasi inafaa sana. Ifunike bila kukaza. Vidole vilivyoungua weka kitambaa katikati, kila kimoja peke yake. Na neno moja kwa wakulima wa pamba: pamba tunailima sisi, lakini kwenye kidonda cha moto isiwekwe. Nyuzi zake zinanasa, na kuzitoa ni kuchuna ngozi.

Kwa nini nahangaika na vidole? Kwa sababu nimemwona kijana, sitasema wa kitongoji gani, aliyeungua kiganja akiwa mtoto wa miaka miwili. Kidonda kilikuwa kidogo. Wakampaka, wakamfungia nyumbani wiki kadhaa, kikapona. Lakini ngozi inayopona baada ya moto hujivuta, na vidole vinne vikakunjika kwenye kiganja vikashikana hapo. Leo hawezi kushika mpini wa jembe kwa mkono ule, na kuchuma pamba anachuma kwa mmoja. Hakufa, hakulazwa, wala hakuna aliyemhesabu kuwa aliungua vibaya. Kidonda cha aina hiyo hufungwa vidole vikiwa vimenyooka, na kinapopona hufanyiwa mazoezi kama mganga atakavyoelekeza.

Basi ni nani wa kwenda zahanati? Kiganja cha mgonjwa mwenyewe, pamoja na vidole vyake, ni kama sehemu moja katika mia ya mwili wake. Pimeni kwa hicho, siyo kwa kiganja cha baba. Malengelenge yakipita kiganja kimoja, nenda. Usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri, au kwenye kiungo kama kiwiko na goti, nenda hata kama ni padogo. Mtoto chini ya miaka mitano na mzee, nenda. Aliyeungua kwa umeme au dawa ya kunyunyizia pamba, nenda. Aliyevuta moshi ndani ya nyumba, sauti ikakauka, nenda sasa hivi, usisubiri asubuhi. Na mtoto aliyepita viganja 10, au mtu mzima viganja 15, huyo anahitaji dripu. Njiani, kama ana akili zake na hatapiki, apewe maji yenye chumvichumvi za pakiti, kidogo kidogo. Ulizeni pia sindano ya pepopunda.

Juu ya petroli sitasema mengi. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia na madumu, moto ukalipuka. Waliokufa walipita 100. Petroli ya bodaboda isiwekwe ndani pamoja na kibatari.

La mwisho ni zito. Tunao ndugu zetu wenye kifafa. Mtu akiangukia jikoni akiwa katika kifafa, wengine wanasimama mbali, wanaogopa povu. Nasema mbele ya wote, povu la kifafa haliambukizi. Anayesubiri povu likauke anamwacha mwenzake aive. Mvute atoke motoni, mlaze ubavu, kisha maji, dakika 20, kama mtu mwingine yeyote. Na vidonge vya kifafa vipo, wapelekeni wavipate, na jiko la nyumba ile linyanyuliwe au lizungushiwe ukuta mdogo wa udongo. Vijana wa Ushirika wanaweza kuujenga kwa siku moja.

Ndugu Mwenyekiti amekubali kwamba ndoo moja ya maji safi yenye mfuniko, kopo, na kanga mbili zilizopigwa pasi zikae hapa ghalani, upande wa kulia wa mizani. Maji yatabadilishwa kila Jumatatu na mlinzi wa zamu. Si ya kunywa, na si ya kunawa baada ya kupima pamba.