Asidi ya Foliki Haingoji Kliniki

Mimi ni muuguzi wenu wa jamii. Leo tuzungumze juu ya asidi ya foliki.

Mwili umejengwa kwa chembechembe ndogo sana. Ndani yake mna maagizo ya urithi, yaani DNA. Maagizo hayo yameandikwa kwa herufi nne tu, ziitwazo nyukliotaidi. Kabla chembe moja haijagawanyika kuwa mbili, lazima inakili maagizo yote, kwa hiyo inahitaji herufi nyingi. Chembe inapokufa, herufi zake huvunjwa. Nyingine mwili huziokota na kuzitumia tena, nyingine hutoka kwa mkojo. Lakini mtoto tumboni hukua upesi mno, na za kuokota hazimtoshi. Mpya lazima zitengenezwe, na kazi hiyo haiendi vizuri bila asidi ya foliki.

Ikipungua, chembe hushindwa kugawanyika. Mama huishiwa damu. Kwa mtoto, hatari ni kubwa zaidi. Ubongo na uti wa mgongo huanza kama mfereji mdogo, ambao hujifunga katika siku 28 za kwanza tangu mimba kutunga. Usipojifunga sawasawa, mtoto huzaliwa na mgongo wazi.

Sasa mama, hesabu nami. Siku hiyo ya 28, hedhi yako imechelewa kwa wiki mbili tu. Wengi wetu hufika kliniki mwezi wa nne au wa tano. Wakati huo mfereji ulishamaliza kazi yake zamani.

Mgongo wazi si laana, wala mama asilaumiwe. Foliki haiondoi hatari yote, lakini huipunguza sana. Kwa hiyo:

1. Kama unatarajia kushika mimba, anza mikrogramu 400 kila siku, angalau mwezi mmoja kabla. Ukishakuwa mjamzito, nenda kliniki mapema upewe vidonge vya foliki na madini ya chuma.

2. Kula maharagwe, ndengu, kunde, mchicha na managu. Usichemshe mboga muda mrefu na kumwaga maji yake.

3. Tangu 2012, sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti uongezwe virutubisho, foliki ikiwemo. Unga wa kusagisha mwenyewe hauna nyongeza hiyo.

4. Usijinunulie vidonge vya miligramu 5. Vimelea vya malaria navyo hutumia foliki kutengeneza herufi zao. Dawa ya SP wanayopewa wajawazito huvizuia, na foliki nyingi huipunguza nguvu. Lakini kama ulishazaa mtoto mwenye mgongo wazi, au unatumia dawa za kifafa, mwone daktari kabla ya kushika mimba, kwani huenda ukahitaji dozi kubwa. Usiache dawa za kifafa mwenyewe.

Mwambie na binti yako, na dada yako aliyeolewa juzi. Hadi wiki ijayo, kwaheri.