Kaya Hewa

Msikilizaji, leo tunazungumzia ruzuku ya kaya maskini inayotolewa na TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania, na wale wanaoipokea bila kustahili.

Kinga ya kwanza ni mkutano wa kijiji. Wananchi wenyewe hutaja kaya zilizo hoi, maana jirani anajua nani ana ng'ombe na nani analala njaa. Kisha kaya hizo huhojiwa: paa ni la bati au nyasi, watoto wangapi wanasoma? Kompyuta huchambua majibu, na orodha hurudi kijijini kusomwa hadharani. Hapo minong'ono huanza, na mimi naipenda minong'ono hiyo. Lakini mwenyekiti akimchomeka shemeji yake, nani atanyoosha mkono? Ndiyo maana uhakiki hurudiwa. Ule wa mwaka 2016 uliibua maelfu ya kaya zisizostahili: waliofariki, waliohama, hata viongozi.

Kuiachia mashine kila kitu nako kuna hatari. Australia ilitumia kompyuta kukadiria kipato cha wapokeaji wa ruzuku kwa wastani wa mwaka, ikawadai mamia ya maelfu madeni yasiyo halali. Wenye kibarua cha msimu waliumia zaidi. Tume ya uchunguzi iliulaani mpango huo mwaka 2023.

Jina lako likikatwa, dai sababu na upeleke malalamiko kwa kamati ya usimamizi ya jamii. Na anayekuomba "ya soda" ili akuandikishe, mripoti TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, kwa simu 113, bila malipo.